Kwa Wanaoanza Kazi katika Kiwanja cha Ndege cha Kisiwani Kinachotumiwa pia na Jeshi

Kabla ya kujifunza jambo lingine lolote, ulizia nani mwenye njia ya kurukia ndege. Mara nyingi jeshi ndilo lenye njia hiyo pamoja na mnara wa kuongozea ndege, huku upande wa kiraia ukipewa jengo la abiria na sehemu ya maegesho. Ndivyo ilivyo Lajes, katika kisiwa cha Terceira nchini Ureno, ambako abiria hushukia kituo cha kiraia kilichomo ndani ya kambi ya Jeshi la Anga. Kwa hiyo, upepo ukilipeperusha turubai la mizigo hadi ng'ambo ya mstari wa mpaka, usilifuate. Mpigie simu msimamizi wa zamu, naye atawasiliana na wenyewe.

Linalowachanganya wageni zaidi ni redio. Marubani wa kiraia huzungumza katika masafa ya megahezi 118 hadi 137, ilhali ndege za kivita kwa kawaida hutumia kati ya 225 na 400. Mwongozaji ndege anaweza kuwasikia wote, lakini wewe uliye ndani ya gari la huduma unaweza kumsikia yeye tu, akimjibu mtu ambaye sauti yake haikufikii. Usidhani kwamba ukimya huo ni dalili ya njia tupu: huenda ndege mbili za kivita zinakaribia kutua zikifuatana, na kwa kasi usiyoizoea.

Upo pia waya wa kunasia ndege za kivita, unaotandazwa kukatisha njia ya kurukia ili kuikamata ndege iliyoshusha ndoana yake ya mkiani. Ukishanasa ndege, njia hufungwa mpaka ndege iondolewe na waya urudishwe na kukaguliwa. Ndege ndogo za kiraia, hasa zile ambazo propela yake iko karibu na ardhi, hazifai kuupita kwa kasi. Ndiyo maana matangazo ya siku kwa marubani husomwa kabla ya zamu, hata kama ya jana unayakumbuka.

Ucheleweshaji utakuwepo. Naha, kisiwani Okinawa, ilikuwa na njia moja tu hadi Machi 2020, na ndege za kivita za Japani zilipoitwa kwa dharura, za abiria zilisubiri. Abiria wakikuuliza sababu, waeleze kile tu ulichoruhusiwa kusema, kwani kubahatisha shughuli za jeshi kunaweza kukugharimu kazi.

Haki ya jeshi isisahauliwe: njia ndefu iliyojengwa kwa mahitaji yake huwafaa raia pia. Tarehe 24 Agosti 2001, ndege ya Air Transat iliyoishiwa mafuta juu ya Atlantiki ikiwa na watu 306 iliteleza angani bila injini hadi Lajes, na wote wakanusurika. Hata hivyo, kiwanja mbadala cha kisiwani mara nyingi kiko ng'ambo ya bahari, na mafuta ya kukifikia hupakiwa kabla ya kuondoka. Hivyo taarifa ya kufungwa kwa njia imfikie rubani akiwa bado ardhini.