Maharage yanaungua bondeni, dawa ilipigwa kwenye mahindi ya vuli

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Novemba nilipiga atrazini, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi. Mvua za vuli zilikuwa haba. Machi nikapanda maharage shamba lilelile. Juu, penye kichanga, yamestawi. Bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, majani ya chini yamekuwa ya manjano na kingo zinakauka. Muuza pembejeo amenishauri nimwage chokaa na majivu ili kuosha sumu. Nitie kiasi gani kwa ekari? (Msomaji, Kilosa)

Jibu: Ndugu yangu, usimwage hata kopo moja. Dalili hizo, zinazoanzia majani ya zamani na kuunguza kingo, ni za atrazini, na chokaa itaiongezea maisha. Atrazini huvunjika upesi kwenye udongo wenye tindikali. Udongo ukielekea kwenye magadi, huvunjika polepole na mizizi huipata kwa wingi zaidi. Udongo wa mbuga mara nyingi tayari uko upande huo wa magadi, na chokaa na majivu vinausukuma mbele zaidi. Ushauri huu nausikia kila msimu na unanikera sana, maana hutolewa na watu waliokwisha kuuza dawa na sasa wanataka kuuza tiba yake.

Hakuna cha kumwaga kinachoosha udongo, iwe chumvi, sabuni au "dawa ya kusafisha shamba". Atrazini humalizwa na vijidudu na mabadiliko ya kikemia, na vyote vinataka unyevu na joto. Kwa kawaida nusu yake huisha kwa siku 60 hivi, lakini udongo ukiwa mkavu huchukua muda mrefu zaidi. Vuli yako ilikuwa kavu, basi dawa ikabaki.

Kichangani nako usishangilie. Mchanga hauna mfinyanzi wala mboji ya kutosha kuishika dawa, kwa hiyo huenda mvua imeiteremsha chini ya mizizi, kuelekea maji ya visima. Umoja wa Ulaya uliiondoa atrazini sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya maji ya ardhini.

Maharage yaliyokwisha kukauka bondeni, yang'oe upande mahindi, ambayo huivumilia. Kabla ya kurudisha jamii ya kunde, chota udongo wa juu sehemu kadhaa, ujaze makopo, na makopo mengine ujaze udongo wa jirani usiopigwa dawa. Panda maharage kote, usubiri wiki tatu. Usiridhike yakiota tu: mche huanza kwa akiba ya mbegu, madhara huja baadaye.

Wala usiitupie lawama kila dawa ya magugu. Glifosati hushikwa na mfinyanzi, kwa kawaida haidhuru zao linalofuata. 2,4-D nusu yake huisha kwa siku 10 hivi. Parakwati hukaa miaka, lakini imefungwa kwenye mfinyanzi, mizizi haiipati. Kwa hiyo anayekwambia "dawa hukaa wiki mbili" bila kuuliza ni dawa gani na udongo gani, hajui anachouza. Kibandiko ndicho kinachosema zao gani lisifuate na kwa muda gani. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haina kibandiko hicho, wala namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Usiinunue, hata kama ni nusu bei.