Anatishiwa kwa picha

Shangazi, shikamoo. Nauza dagaa mwaloni Kibirizi, natoka nyumbani alfajiri. Binti yangu wa miaka 15 anatumia simu ya kaka yake. Kuna mtu wa mtandaoni alimbembeleza hadi akatuma picha akiwa nusu uchi. Sasa anadai nyingine, la sivyo ataisambaza. Baba yake anataka kuivunja simu.
Mama wa Gungu, Kigoma

Marahaba, mwanangu. Mzee aweke nyundo chini, hiyo simu ndiyo ushahidi. Msifute kitu. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha namba, jina la akaunti na tarehe za vitisho, kisha mzuieni (block) huyo mtu. Msimtumie picha nyingine wala hela, akishaonja atarudi.

Nendeni polisi, mkaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza picha za ngono za watoto. Kwa hiyo hata wewe usiirushe kwa wifi eti akushauri! Ukishindwa kufika haraka, piga 116, simu ya watoto, ni bure.

Binti asichapwe. Akichapwa, kitisho kijacho atakimeza peke yake, na huyo jamaa anategemea hilo hilo.

Baadaye, kwenye faragha ya WhatsApp, picha ya wasifu ionekane kwa namba zilizohifadhiwa tu. Usiku simu ilale chumbani kwenu. Itamlinda na kaka mtu pia, maana wavulana nao hutishiwa.