Kuwabakiza wanafunzi katika kozi za mtandaoni

Umeuliza chuo kifanye nini ili wanafunzi wa kozi za mtandaoni wasiache masomo katikati. Ningeanza na wiki 2 za kwanza, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajaingia kwenye mfumo wala kuwasilisha kazi yoyote katika kipindi hicho mara nyingi ameshaanza kujitenga, na mhadhiri anaweza kuliona hilo mapema kwenye kumbukumbu za mfumo. Ampigie simu au amwandikie kwa jina lake. Ujumbe uleule unaotumwa kwa wote, kwa maoni yangu, hausomwi. Vincent Tinto, mtafiti wa elimu ya juu wa Marekani, alieleza mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hudumu chuoni anapojiona sehemu ya masomo na ya jamii ya chuo. Kazi fupi ya mwanzo, iliyosahihishwa upesi, husaidia kuijenga hali hiyo.