Koku 230,000 za Aizu: kodi, mavuno au hadhi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba milki ya Aizu, katika eneo la Fukushima la leo nchini Japani, ilikuwa ya "koku 230,000". Je, ndio mchele ulioingia ghalani mwa mtawala kila mwaka? Na ngome ninayoiona pichani ndiyo ile iliyopigwa mizinga mwaka 1868?

JIBU: Marahaba. Koku ni kipimo cha ujazo, kama pishi, ila kikubwa mno: lita 180 hivi, yaani kama kilo 150 za mchele, uliokadiriwa kumtosha mtu mzima mwaka mzima. Lakini 230,000 si hesabu ya ghala. Ni makadirio ya uwezo wa ardhi yote ya milki, na hata shamba lisilo la mpunga lilipewa thamani yake kwa mchele. Mtawala alitoza sehemu tu, akawalipa samurai wake humo humo. Tena kwa namba hiyo shoguni, mtawala mkuu wa kijeshi wa Japani, alimdai askari wakati wa vita.

Ndiyo maana mimi huisoma kama kipimo cha hadhi. Uesugi Kagekatsu alipewa Aizu mwaka 1598 kwa koku 1,200,000. Akasimama kinyume cha Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuwa shoguni, na mwaka 1601 akahamishiwa Yonezawa kwa koku 300,000. Mwaka 1643 Aizu ilimfikia Hoshina Masayuki, ndugu wa baba mmoja wa shoguni Iemitsu, kwa hizo 230,000 ulizozisoma. Wazao wake, walioitwa Matsudaira, walibaki upande wa shoguni hadi mwisho, na wakalipa kwa uchungu. Mwaka 1868 jeshi la serikali mpya iliyochukua nafasi ya shoguni liliizingira ngome takriban mwezi mmoja, mtawala wake Matsudaira Katamori akasalimu amri. Watu wake wakapelekwa Tonami, ncha ya kaskazini ya Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, kwa koku 30,000 za kwenye karatasi. Ardhi ile haikuwa na uwezo huo. Wengi walikufa kwa njaa na baridi.

Ngome sasa. Gamo Ujisato, mtawala wa Aizu kabla ya Uesugi, alijenga mnara wa orofa 7 mwaka 1593, tetemeko la 1611 likauharibu, na Kato Akinari, mtawala wa baadaye, akaujenga upya kwa orofa 5 mwaka 1639. Huo ndio uliotobolewa na mizinga bila kuanguka. Ulibomolewa kwa amani, mwaka 1874. Wa pichani ni wa zege, wa 1965, na vigae vyake vyekundu viliwekwa 2011 kufuata vya zamani. Ukitaka kuona kilichoshuhudia vita, tazama chini ya mnara: ukuta wa mawe unaoubeba ni wa kale.