Maswali yenu: tangazo la nyumba gazetini bado linalipa?

Wiki hii wengi mlioniandikia ni madalali wa nyumba na viwanja hapa Dar, na swali linazunguka palepale, hela ya tangazo iende gazetini au ibaki kwenye bando. Hii kazi nimeifanya tangu enzi za kubandika karatasi kwenye nguzo za umeme, najibu kwa niliyoyaona.

Mimi ni dalali Sinza, napangisha vyumba na apatimenti. Niweke gazetini?

Usiweke ndugu yangu. Wewe unakula kodi ya mwezi mmoja, na gazeti wanakuchaji kwa nafasi, ukitaka tangazo la kueleweka lenye picha, hata kwa siku moja tu, komisheni ya chumba imeshaondoka. Halafu mtu wa Sinza anataka chumba wiki hii hii, yuko Instagram, yuko Jiji ule mtandao wa matangazo ya kuuza na kupangisha, yuko kwenye magrupu ya WhatsApp, na hujamaliza kuongea kashakwambia "nitumie video ya choo na jiko". Gazeti halimpi hiyo. Na jamani, watu wengi siku hizi magazeti wanasomewa redioni asubuhi, wanasikia vichwa vya habari basi, matangazo hayasomwi, wengine wanasimama pale kwenye meza ya magazeti wanaangalia ukurasa wa mbele wanaenda zao kazini. Ukurasa wa ndani uliolipia wewe hakuna aliyeufungua.

Kwa hiyo gazeti limekufa kabisa?

Hapana, na hapa ndio nagombana na vijana. Kuna mwaka nilikuwa na shamba la ekari tatu Kibaha, mwenyewe mtu mzima, hati anayo mkononi. Nikalisukuma mtandaoni miezi minne, laiki kibao, "bei ya mwisho?" kibao, hakuna aliyekanyaga. Nikaweka robo ukurasa Jumamosi. Zikaingia simu kumi na moja, nane madalali wenzangu wanataka tugawane, mbili za kuuliza tu, na moja ya mzee mstaafu wa Morogoro. Akaja na basi. Akatoa mfukoni mwa shati kipande cha gazeti, amekikata kwa wembe, amekikunja mara nne, namba yangu kaizungushia peni nyekundu na pembeni kaandika: hati? maji? njia ya gari? Tukayajibu moja moja tumesimama palepale shambani na jua la saa saba. Wiki tatu baadaye alilipa. Mtandaoni sijawahi kuletewa maswali yameandikwa.

Kwa hiyo shamba kubwa, godauni, jengo la ofisi, nyumba ya mamilioni mengi ambayo mnunuzi wake ni mtu mzima au kampuni, weka. Maofisini gazeti bado linaingia na kuna mtu analipitia lote.

Nitajuaje kama tangazo limeleta mteja?

Nunua laini mpya, namba yake itokee gazetini tu, usiiweke popote pengine. Kila simu andika kwenye daftari: mteja, dalali, au mpitaji. Baada ya mwezi utajua kila mteja wa kweli amekugharimu shilingi ngapi.

Niko Tegeta, nimeona mnada wa nyumba gazetini, bei nzuri. Niuamini?

Mama yangu, kuwa gazetini sio ushahidi kuwa ni salama, gazeti halikagui hati ya mtu. Ila minada ndio sehemu ambayo gazeti bado lina nguvu, maana sheria inataka tangazo la siku 14 kabla ardhi haijapigwa mnada, na sheria yenyewe ya zamani mpaka inasema taarifa isitolewe kwa maandishi tu, itolewe na kwa kupiga ngoma ili asiyejua kusoma naye asikie. Siku hizi ngoma husikii, ni gazeti na gari la matangazo. Hizo siku 14 zitumie. Nenda kwenye nyumba, ongea na majirani na mjumbe, angalia ukutani kama hawajaandika NYUMBA HII HAIUZWI, uliza kama kuna kesi mahakamani, halafu kafanye sechi ardhi ujue jina lililopo kwenye hati na kama ina mkopo. Pitia pia yale matangazo madogo ya kupotea kwa hati, watu wanayaruka lakini mimi nayasoma kila siku, kuna siku utakuta namba ya kiwanja unachotaka kununua iko humo, na hapo simamisha kila kitu mpaka ujue hati iko wapi.

Niko Muscat, tunataka kuuza nyumba ya marehemu baba Zanzibar. Dada anasema tuanze na tangazo gazetini.

Msianze na tangazo kaka. Anzeni na mirathi, Mahakama ya Kadhi, kila mrithi ajulikane na akubali, tena kwa maandishi. Nimeshaona tangazo linatoka gazetini asubuhi, mchana shangazi kashafika na mwanasheria, mnunuzi akakimbia na ndugu mpaka leo hawasalimiani. Mkishakubaliana, wanunuzi wa nyumba kama hiyo wengi mtawapata kwenye magrupu ya familia huko huko Muscat na Unguja, pengine gazeti hamtalihitaji kabisa.