Mtaji mdogo unauliwa na meza kubwa

Wiki hii mmeuliza "ukiwa na hela ndogo ya kuchezea poka mtandaoni, unafanyaje isiishe?" na mimi nimeona nijibu kwa urefu kidogo maana hili limeniuma kweli, nipo huku Uingereza, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku na siku za ofu ndo nakaa mezani.

Jamani mtaji hauuliwi na karata mbaya, unauliwa na meza uliyokaa. Nilikuwa na dola 40, nacheza meza ya senti 1 kwa 2 (hizo ni dau za lazima zinazowekwa kabla ya karata kugawiwa) ambayo unaingia na dola 2, yani nina uwezo wa kuingia mara 20, hapo niko salama kabisa. Usiku mmoja nikapigwa dola 2, nikaingia tena nikapigwa nyingine, roho ikaanza kuchemka, nikasema hizi meza za senti watu wanacheza hovyo ngoja niende wanakocheza watu wazima. Nikabeba dola 25 nikaingia meza ya senti 10 kwa 25. Haikufika hata robo saa nikapewa ree mbili, ya kopa na ya shupaza, jozi kubwa kuliko zote, mkono nikauona unatetemeka juu ya mausi, nikaweka zote, jamaa akafuata na K mbili. Zikafunguka karata nne za katikati ya meza, zile tunazotumia wote, hakuna kitu, ya tano ikatoka K ya maua, jamaa akawa na K tatu akabeba zote.

Sasa kuna kitu watu wengi hawataki kukielewa. Ree mbili dhidi ya K mbili unashinda kama mara 82 kwenye 100, kwa hiyo kuweka zote nilikuwa sahihi na hata leo nitaweka, ila zile mara 18 zipo na lazima zije siku moja, sasa zikija ukiwa na dola 2 mezani kati ya 40 unanywa chai unaendelea, zikija ukiwa umebeba dola 25 kati ya 36 unabaki na 11 na usingizi hauji.

Baada ya hapo nikasoma habari za Chris Ferguson, yule bingwa wa dunia wa mwaka 2000. Mwaka 2006 alianza na sifuri, akiingia mashindano ya bure tu, akajiwekea lengo la kufika dola 10,000 na mwaka uliofuata akafika. Masharti yake ni mepesi kuyasema lakini magumu kuyafuata, meza ya kawaida usiingie na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wako, mashindano makubwa ya watu wengi usizidi asilimia 2, na ukiona hela iliyo mbele yako mezani imevuka asilimia 10 ya mtaji wote unanyanyuka. Hilo la mwisho ndo linanishinda hadi leo maana unaondoka ukiwa unashinda, inauma mno!

Mi nimeongeza ya kwangu. Sihamii meza kubwa zaidi nikiwa na hela ya chini ya viingilio 30 vya meza hiyo, nikipoteza viingilio viwili siku hiyo nafunga laptopu, na sigusi hela ya kodi wala ile ninayomtumia mama. Kadi za mkopo huku zilishapigwa marufuku kwenye kamari tangu Aprili 2020 na naona walifanya jambo la maana sana. Na ndugu yangu ukiona huwezi kabisa kujizuia huko si suala la mtaji tena, jiandikishe GAMSTOP, huduma ya kujifungia kamari za mtandaoni, ni bure, saiti zote zenye leseni ya huku zinakufungia miezi 6, mwaka au miaka 5. Nina rafiki niliyemsaidia kujaza ile fomu kwenye simu yake tukiwa tunasubiri basi asubuhi, na sioni aibu kumwambia mtu yeyote afanye hivyo.

Pia kumbuka saiti inakata chake kwenye poti nyingi, yani hela iliyokusanyika katikati ya meza, kwa hiyo ukicheza karata nyingi mbovu hata usipopigwa vibaya mtaji unapungua taratibu.

Kwa sasa nina dola 73, bado niko senti 1 kwa 2. Meza ya senti 2 kwa 5 kiingilio ni dola 5, nitahamia nikifika 150, na nikihamia halafu nikashuka chini ya 100 narudi nilikotoka usiku huohuo.