Binti yangu analala na kifaranga. Nifanyeje?

SWALI: Habari daktari. Tunaishi Ruai na wiki hii tulinunua vifaranga 20 wa siku moja. Binti yangu wa miaka 4 amempenda mmoja kupita kiasi. Humficha ndani ya sweta, humbusu, na jana usiku nilimkuta naye kitandani. Nikimnyang'anya analia mpaka anakataa chakula. Nimwache tu?

JIBU: Mama, usimwache alale naye. Kifaranga mchangamfu kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na manyoya bila dalili yoyote. Mtoto akimbusu, au akimshika kisha atie kidole mdomoni, bakteria hao huingia tumboni, na walio chini ya miaka 5 huumia zaidi yetu. Akiharisha na kupata homa, mpeleke hospitali na useme mnafuga kuku.

Kifaranga naye yumo hatarini. Anatulia shingoni mwa mtoto kwa sababu anatafuta joto: wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki mpaka manyoya yaote vizuri. Niliwahi kuitwa nyumba moja Kayole asubuhi, nikamkuta mvulana ameshika kifaranga aliyemlalia usiku, akaniomba nimdunge sindano aamke. Sijamsahau mtoto yule.

Kwa hiyo boksi la vifaranga likae mbali na jikoni na chumba cha kulala, liwe na maranda na taa ya joto. Tafadhali sana, usiwashe jiko la makaa mahali mnapolala ili kuwapasha joto. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini.

Mapenzi ya binti yako yape kazi. Kwa umri wake afadhali asiwashike, lakini macho anayo. Awahesabu kila asubuhi. Mfundishe kwamba wakirundikana chini ya taa wanahisi baridi, na wakikimbilia pembeni huku wanahema, joto limezidi. Akigusa hata boksi, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kifaranga wake mfunge uzi mwekundu mguuni, usikaze, na uulegeze kila baada ya siku chache maana mguu unanenepa haraka.

Usiku wa kwanza atalia. Mbebe mpaka kwenye boksi, mtafute pamoja ule uzi mwekundu katikati ya wenzake waliolala.